Logi ikikatika, usikimbilie kulaumu mtandao

Msimu wa wageni ukianza Malindi, simu zinazonifikia ni za aina moja: "Fundi, jibu la seva limekatika katikati kwenye logi, mtandao umekata." Logi ni faili ambamo programu huandika kila inachofanya. Wenye nyumba za wageni kule Shela husema vivyo hivyo, ila wao huongeza kwamba Lamu ni kisiwa. Meneja mmoja alinihakikishia kuwa TEAMS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari iliyofika Mombasa mwaka 2009, ndiyo inayokula herufi za bukingi zake.

Kebo haili herufi. TCP, utaratibu wa kusafirisha data mtandaoni, huhesabu kila baiti (kipimo kidogo cha data): ikipotea njiani hutumwa tena, na ikishindikana kabisa muunganisho hufa na programu hulalamika. Sasa nieleze, bwana meneja: jibu limefika nusu, mbona bukingi yote iko kwenye skrini, hadi ombi la mgeni la chumba kinachotazama bahari? Programu ilipokea kila kitu. Kilichopunguzwa ni nakala iliyoandikwa kwenye faili.

Kabla ya kumpigia mtu wa laini, pima urefu wa maingizo ya logi. Yakiwa yanakatika yote kwenye idadi ileile ya baiti, hicho ni kikomo kilichowekwa na mtu. Mtandao mbovu haukati kwa rula. Programu za mapokezi zilizojengwa kwa .NET Framework, jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu, ndizo zinazonisumbua zaidi: ufuatiliaji wa System.Net, sehemu yake inayoshughulikia mtandao, una kigezo kiitwacho maxdatasize, na usipokigusa huandika baiti 1024 tu za data kila mara. Kiongeze kwenye faili la mipangilio, tuseme 65536, zima programu uiwashe upya, kisha rudia ombi lilelile. Mara nyingi "tatizo la mtandao" huishia hapo.

Ukitaka kulinganisha jibu lililo kwenye logi na Content-Length, yaani urefu ambao seva hutangaza, linganisha baiti, si herufi. Malindi tuna wageni Wataliano, na è moja kwenye jina huchukua baiti mbili katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kama baiti. Jibu likiwa limebanwa kwa gzip ili liwe dogo njiani, namba hiyo ni ya data iliyobanwa, kwa hiyo usishangae maandishi yaliyofunguliwa yakiizidi mbali.

Wengine huniambia logi ikiishia ghafla mwishoni, basi programu ilianguka palepale ilipoandika mstari wa mwisho. Si lazima. Maandishi hukaa kwanza kwenye bafa, sehemu ya muda ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na ukiiua programu kwa Task Manager, au stima ikipotea, yaliyokuwa humo hupotea nayo. Weka autoflush, mpangilio unaoandika kila kitu kwenye faili papo hapo, iwe true wakati unatafuta kosa, halafu uiondoe, kwa sababu hupunguza kasi.

Kuna wanaoamini Wireshark na tcpdump, programu za kunasa data inayopita mtandaoni, hazikati kamwe. Matoleo ya zamani ya tcpdump yalinasa baiti 68 za kwanza tu za kila pakiti, yaani kila kifurushi cha data. Ya sasa hunasa hadi 262144, isipokuwa umenakili amri ya kale yenye -s 96, inayoweka kikomo cha baiti 96. Wireshark yenyewe hukuonyesha urefu wa pakiti ilipopita na urefu ulionaswa. Soma namba hizo mbili kabla ya kunipigia.

Na hapana, dawa si kuondoa kikomo moja kwa moja na kuacha hivyo mwaka mzima. Diski itajaa, na faili litabeba namba za pasipoti na simu za M-Pesa za wageni wako, kwa maandishi yanayosomeka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Ongeza, nasa kosa, rudisha ilivyokuwa, na funga nakala kwa nenosiri.

Ukinitumia, nitumie faili lenyewe pamoja na saa kamili ambayo bukingi ilikwama. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye kioo kinachong'aa na mistari iliyokatwa upande wa kulia, siifungui tena.