Kabla hujamgeuza mtoto kiti, mpime mgongo

Bibi mmoja wa Shela (Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu) alinikataza kutaja kilo za mjukuu wake kwa sauti. "Andika tu, mwanangu. Na kama ni lazima utaje, tanguliza mashallah." Nikaandika kimya kimya: miezi 7, kilo 10.4, sentimita 74. Mashallah. Kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani, mvulana wa kati wa umri huo ana kilo 8.3 na urefu wa sentimita 69. Huyu alikuwa ameshawaacha wenzake nyuma, na bibi hakutaka jicho la mtu limfuate.

Mama yake alikuwa amekishika mkononi kile kiti cha gari cha kubebea chenye mpini, na swali lake lilikuwa moja. "Dada, miguu inagonga siti. Si nimgeuze sasa atazame mbele?" Safari ya Mombasa ilikuwa Jumamosi.

Kazi yangu ni fiziotherapia ya watoto. Mambo ya viti vya gari yalinijia kwa mlango wa nyuma: nilikuwa na watoto wenye plasta za nyonga ambao hawakuenea kwenye kiti chochote, ikanibidi nijifunze namna ya kuwarudisha nyumbani salama. Wazazi wengine wakasikia. Sasa hakuna mwezi unaopita bila mtu kusimamisha gari nje na kuniomba nitie kichwa ndani niangalie.

Jibu nililompa mama yule ndilo ninalompa kila mtu. Mtoto huyu amekishinda kiti chake, ni kweli, lakini hajaushinda mkao. Anahitaji kiti kikubwa zaidi, chenye ganda refu (lile bakuli gumu analokalia mtoto), kilichotazama nyuma vilevile.

Sababu iko shingoni. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima hakifiki hata sehemu moja ya saba. Kichwa hicho kizito kimewekwa juu ya pingili ambazo bado zina sehemu za gegedu, vipande vya kila pingili havijaungana kuwa mfupa mmoja mgumu, na kuungana kwenyewe huchukua miaka. Gari likigonga mbele, mtoto aliyetazama mbele hushikwa kifua na mikanda huku kichwa kikiendelea na safari. Kinachokizuia ni shingo peke yake. Aliyetazama nyuma huzama ndani ya kiti: mgongo, shingo na kichwa hupokelewa pamoja na ganda zima.

Hesabu yake ni rahisi. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, likagonga na kusimama ndani ya chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kila kilo moja ya mwili huvuta mbele kama kilo 20. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya saruji. Ndiyo maana huwaambia kina mama wanaompakata mtoto siti ya mbele kwamba sina shaka na mapenzi yao, nina shaka na mikono. Na kati ya Malindi na Kilifi hakuna anayekwenda 50.

Fikra yenyewe ya kumgeuza mtoto nyuma si ngeni. Mswidi Bertil Aldman aliipata kwa kutazama jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ili mgongo wote ubebe nguvu ya chombo, na mwaka 1964 kiti chake cha kwanza kilijaribiwa ndani ya Volvo. Hadi leo watoto wengi wa Uswidi hutazama nyuma mpaka karibu miaka 4. Madaktari wa watoto wa Marekani nao waliwahi kusema miaka 2, lakini mwaka 2018 wakaufuta umri huo na kusema mtoto akae hivyo mpaka afike kikomo cha kiti chenyewe, cha kilo au cha urefu. Kanuni mpya ya Ulaya, R129, ile yenye viti vya i-Size, inakataza kumgeuza kabla ya kupita miezi 15. Wazazi wengi huishika hiyo miezi 15 kama siku ya kuhitimu. Mimi naiona kama mlango wa kuingilia tu.

Turudi kwa mtoto wetu wa Shela, maana hapo ndipo wazazi wa watoto wakubwa hupotea njia. Wao hutazama miguu na kilo. Mimi hutazama mgongo.

Miguu haina neno. Mtoto huikunja, huipandisha juu ya siti, huikalia kama mzee aliyekaa barazani akisubiri zamu yake ya bao. Nyonga zake zinamruhusu kukaa hivyo saa nzima bila maumivu. Wewe na mimi ndio tutakaolia. Tena miguu huumia zaidi kwa aliyetazama mbele, kwa sababu hurushwa na kugonga siti iliyo mbele yake.

Kilo nazo hudanganya. Viti vingi vya kubebea vya Ulaya, vya kanuni ya zamani R44, vimeandikwa kilo 13, na mama akiona mwanawe ana 10 hujua bado ana nafasi. Lakini mvulana mrefu, wa ile mistari ya juu kabisa kwenye jedwali, akiwa na miezi 9 ana kama sentimita 76 na kilo 11. Kilo hazijajaa, ila kichwa kimeshafika ukingoni. Kwenye viti vya R129 utaona sentimita zimeandikwa kabisa kwenye stika ya rangi ya chungwa, na vingi vya kubebea huishia kati ya 75 na 87. Tofauti ya sentimita 12 ni miezi kadhaa ya mtoto, basi isome stika kabla ya kusoma bei.

Nami nilijifunza hili kwa kifungua mimba wangu. Nilinunua kiti kizuri, cha rangi niliyoipenda, kikanitosha miezi 6. Kilo zilikuwa sawa kabisa. Sikuwahi kukiinamia nikatazama kichwa chake kilipofika. Aliyekiona ni mama mkwe, akaniuliza mbona mtoto anachungulia kama yuko kisimani.

Kipimo unaweza kukifanya nyumbani. Mkalishe mtoto juu ya mkeka, makalio na mgongo vikigusa ukuta, mtu wa pili amshike magoti. Weka kitabu kikiwa bapa juu ya utosi wake, kitabu cha kliniki kinafaa sana, kisha tia alama ya penseli ukutani. Tia nyingine begani. Pima toka sakafuni. Sasa una namba mbili ambazo muuzaji hana: urefu wa kukaa na urefu wa bega. Watoto wawili wa sentimita 74 wanaweza kutofautiana sana hapa, mmoja wote miguu, mwingine wote mgongo. Wa pili ndiye anayemaliza viti.

Ukienda dukani, ingiza futi ya kupimia ndani ya ganda, toka kwenye kikalio mpaka ukingo wa juu wa kiegemeo cha kichwa kikiwa kimepandishwa mpaka mwisho. Viti vingi vya Marekani vinataka ganda libaki kama sentimita 2.5 juu ya utosi wa mtoto. Vya Ulaya kwa kawaida vinataka tu kichwa kisipite ukingo. Halafu tafuta tundu la juu kabisa la mikanda ya mabega. Mtoto anayetazama nyuma, mikanda yake itokee usawa wa bega au chini yake kidogo, si juu, kwa sababu kazi yake ni kumzuia asiteleze kupanda kuelekea kichwani mwa kiti. Kama tundu la juu limemzidi bega kwa sentimita mbili tu leo, kiti hicho ni cha miezi michache. Tafuta kingine, hata kama kina sponji pungufu.

Kwa watoto kama huyu huwa sipendekezi kiti cha pili cha kubebea. Nunua kinachobaki garini, chenye kikomo cha kutazama nyuma cha kilo 18 au zaidi, au sentimita 105. Soma hapo vizuri: viti hivi vina vikomo viwili, kimoja cha nyuma na kingine cha mbele, na kwenye boksi ile namba kubwa kwa kawaida ni ya mbele.

Ubaya wake ni nafasi. Kiti hicho kikilala nyuma kinasukuma siti ya mbele, na kwenye Vitz mtu mrefu atakaa magoti dashibodini. Kwenye Noah hutajua kama kipo. Mtoto mchanga kabisa anahitaji kulazwa ili kidevu kisiangukie kifuani na kubana pumzi, lakini huyu wa miezi 7 anayekaa mwenyewe anaweza kusimamishwa zaidi kidogo, kama maelezo ya kiti yanaruhusu, na hapo siti ya mbele inapata nafuu. Mikanda ya gari nayo ipime. Kiti kinachozungushiwa mkanda kinakula mkanda mrefu, na nimeshuhudia baba akivuta jasho likimtoka, mkanda umebakia kiganja kimoja kufika kwenye kifungo. Ukiingiza vidole kwenye mshono kati ya kikalio na kiegemeo ukapata vyuma viwili, hizo ni ISOFIX, na kazi imekuwa nyepesi. Siti ya katikati kwenye gari nyingi za zamani ina mkanda wa kiunoni tu, na viti vingi vya kubebea vya Ulaya havikubali huo.

Siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, sahau. Ukifumuka unapiga mgongo wa kiti kilichotazama nyuma, nacho kiko sentimita chache tu kutoka dashibodini. Hapa sina mjadala na mtu.

Sasa mitumba. Malindi tuna bahati yetu ya Waitaliano: wakihama, viti vya watoto wao huachwa kwa majirani, wafanyakazi na mafundi. Vingine vimekuja na kile kitambuzi cha kumkumbusha mzazi asimsahau mtoto garini, maana Italia ni sharti tangu mwaka 2019. Mimi sikatai mtumba. Ila nataka kumjua aliyekitumia na niambiwe kama gari liliwahi kupata ajali. Kiti kilichopita ajali kinaweza kuwa kimepasuka pale usipopaona, hivyo vua kitambaa chote, geuza ganda juani, pitisha kidole. Tazama tarehe iliyochapwa kwenye plastiki. Watengenezaji wengi hukipa kiti miaka 6 mpaka 10. Herufi E ndani ya duara yenye namba inaonyesha nchi iliyokiidhinisha: E1 Ujerumani, E3 Italia, E4 Uholanzi. Kisicho na stika kabisa, hata wakikupa bure, mwachie mwenyewe.

Kuhusu jua letu: funika kiti kwa leso (khanga) gari likiwa limesimama, na gusa chuma cha kifungo kwa mgongo wa mkono kabla hujamfunga mtoto. Leso hiyo hiyo usimfunge nayo ndani ya mikanda. Chochote kinene kati ya mwili na mkanda hubonyea wakati wa kishindo, mkanda ukabaki umelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike juu. Jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili: ukikunjika, kaza tena.

Wa Lamu huniuliza kwa nini wasumbuke, mtoto wao hajui gari, anajua punda na boti. Kweli, mpaka Mokowe, gati la upande wa bara. Kutoka hapo kuja Malindi ni zaidi ya kilomita 200 za lami, na mtoto yupo mapajani. Kwenye basi kiti hiki mara nyingi hakifungiki, kwa sababu mkanda haupo au ni wa kiunoni. Kwenye tuktuk hakuna pa kukifunga kabisa, sitadanganya. Lakini mkikodi gari dogo, au ndugu akija kuwachukua, azimeni kiti mapema na mkifunge kabla ya boti kufika, si mtoto akiwa analia gatini.

Yule mama wa Shela alipata kiti cha kilo 18 kwa shemeji yake aliyehamia hapa kutoka Nairobi. Tulikifunga Ijumaa jioni nyuma ya abiria. Ganda lilikuwa limebakia vidole vinne juu ya utosi. Nikawaambia wasimame Kilifi wamtoe anyooke, maana si vizuri mtoto kulala kitini safari nzima. Bibi hakuridhika. "Sasa mjukuu wangu atamtazama nani huko nyuma?" Nikamwambia atakaa yeye, bibi, kando yake. Akaingia garini palepale, kujaribu, akafunga na mkanda wake, na hakutaka kushuka.

Mkija, njooni asubuhi, kabla jua halijachoma vifungo. Na mje na mtoto mwenyewe, msiniletee picha yake.