Malaika sio wimbo wa harusi, na mengine tunayodanganyana kuhusu nyimbo

Mwaka juzi binamu yangu alikuwa anaolewa, nikatiwa kwenye kamati upande wa muziki, maana kwenye ukoo wetu mimi ndo najifanya najua nyimbo. Kazi yenyewe ndogo tu, unampa dijei flashi unamwambia huu wa kuingilia ukumbini, huu wa keki, huu wa zawadi, mengine atajua mwenyewe. Shangazi, mama yake bibi harusi, akasema maharusi wakiingia ipigwe Malaika. Nikamwambia shangazi jamani huo haufai hapo, jamaa anayeimba hana hela, ameshindwa kuoa, sasa tunamwingizaje bibi harusi na wimbo wa mtu aliyekosa mahari? Akaniangalia weee, mwisho akasema, "Baba, wewe weka." Nikaweka huku nimenuna. Sababu yake alikuja kuniambia baadae, nitafika huko.

Ila tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia vitu tunavyosema kwa kujiamini kabisa kuhusu nyimbo, hasa hizi tunazoambiwa kila mtu lazima azisikie, na vingi ukivigusa kidogo tu vinaporomoka.

DHANA: Malaika ni wimbo wa furaha

Ukweli maneno yako wazi, Kiswahili chepesi ambacho hata mtoto wa darasa la pili anakielewa. "Nashindwa na mali sina we, ningekuoa Malaika." NINGEkuoa, sio nitakuoa. Hiyo nge ndo wimbo wote uko hapo. Kijana anapenda, pesa zinamsumbua roho, basi, hakuna ubeti wa mwisho ambao kapata kazi mjini akarudi na ng'ombe. Kinachotuchanganya ni ile melodi tamu, halafu wimbo wenyewe umezunguka sana duniani, Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia kwenye albamu yao ya 1965, Boney M wakauimba 1981, Angélique Kidjo naye akaurekodi 1991, sasa mpaka unarudi nyumbani umeshavaa suti, hatuusikii tena kama kilio cha mtu asiye na kitu.

Na kuhusu nani kautunga, hapo jiandae kwa ugomvi. Ukisema Fadhili William wa Kenya, Mtanzania mmoja atakurukia kwamba ni Adam Salim, ambaye alidai aliutunga 1945. Ambalo halina ubishi ni kwamba rekodi ya Fadhili na bendi yake kule Nairobi ndo iliyoutoa mtaani ukajulikana, na mpaka anafariki 2001 ule mzozo ulikuwa bado hai.

DHANA: Jambo Bwana ni wimbo wa asili, hauna mwenyewe

Unaye. Ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi ya pwani ya Kenya iliyokuwa inapiga kwenye mahoteli ya watalii, na wimbo ukatoka 1982, mwaka uliofuata Boney M nao wakautengeneza wa kwao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema eti babu zetu walikuwa wanawapokea wageni kwa wimbo huo, mwambie hao babu walikuwa wanachukua malipo ya wikiendi hotelini. Na sioni ubaya wowote, ni kazi kama kazi nyingine, ila tumheshimu mtunzi, asigeuzwe kuwa "mila na desturi".

DHANA: Sina Makosa ni wimbo wa kumwomba msamaha mpenzi

Hii nimecheka sana, kuna watu wanautuma kwa wake zao wakigombana. Sikiliza tena. Jamaa anaongea na mwanaume mwenzie! Anamwambia hasira za nini bwana, wewe unaye wako nyumbani na mimi ninaye wangu, chuki ya nini. Yaani ni mtu anayetuhumiwa na mume wa mtu anajitetea asije akauliwa bure. Sasa wewe umtumie mkeo wimbo huo usiku saa nne, jibu utakalopata ni lako mwenyewe. Les Wanyika, bendi iliyoupiga, walikuwa Nairobi, wimbo wa mwishoni mwa miaka ya 70, na bendi ilimeguka kutoka Simba Wanyika ya kina Kinyonga ambao chimbuko lao ni Tanga, kwahiyo ule ubishi wa huu ni wa Kenya au wa Tanzania nao hauna maana, ni wa wote, wapigaji wenyewe walivuka mpaka wakaungana.

DHANA: Huwezi kuguswa na wimbo usioelewa maneno

Anayesema hivi hajawahi kukaa baa ya Kibongo wakapiga Franco wa Kongo. Watu wazima wanafumba macho, mmoja anatikisa kichwa kama anayepokea habari za msiba, na hapo Kilingala chenyewe anajua "bolingo" na "mama na ngai", basi. Miaka nenda rudi tumependa nyimbo za Kongo kwa magitaa na sauti tu, maneno tukajaza wenyewe kichwani.

Lakini maneno nayo yana kazi yake, na mfano mzuri ni huohuo wa Franco. Mario, wimbo wake na bendi yake ya TPOK Jazz wa 1985, unamhusu kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, msomi lakini kazi hataki, mama wa watu kachoka. Stori ilivuka kutoka Kinshasa mpaka uswahilini kwetu bila mkalimani na ikatuachia neno, leo mwanaume anayelishwa na mwanamke anaitwa marioo, wengi wanalitumia neno kila siku na hawajui kwamba wanamtaja mtu wa kwenye santuri. Kwahiyo sauti inakuvuta mlangoni, maneno yakija baadae yanakupa chumba kingine ambacho hukujua kama kipo. Mimi binafsi naona raha kuukuta wimbo mara mbili hivyo.

Halafu kuna ile nyingine pacha wake, eti muziki ni lugha ya dunia nzima, unasikika sawa kwa kila mtu. Sio hivyo. Mwaka 2016 watafiti walitoa matokeo kuhusu Watsimane, jamii inayoishi msituni Bolivia, waliwapigia milio ambayo sisi tuliozoea redio tunaona inakwaruza masikio na ile tunayoona imepatana, wao wakasema zote sawa tu. Masikio yanafundishwa nyumbani kama ulimi unavyofundishwa pilipili.

DHANA: Muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe, wa sasa ni matusi na kelele

Hapa nitakaa kidogo maana huyu ndo mjomba wangu kabisa. Mjomba akisikia singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, anazima sabufa ya watu, anasema zamani watu waliimba busara.

Kwanza, zamani hawakuimba busara tupu. Siti binti Saad, yule wa Fumba Unguja, aliyeenda Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili wakati taarabu ya kasri ya sultani ilikuwa kwa Kiarabu na waimbaji ni wanaume, aliimba mambo ya mtaani yaliyokuwa moto kwelikweli, ule wimbo wa Kijiti ni habari ya mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar, ni kama gazeti lenye udi na fidla. Remmy Ongala, mwanamuziki wa Dar, naye alipotoa Mambo kwa Soksi, kuwaambia watu watumie kondomu wakati ukimwi unamaliza vijana, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wazee wa wakati ule walisema nini? Walisema hayahaya ya mjomba.

Pili, zamani kulikuwa na nyimbo mbovu nyingi tu, ila zimekufa. Zilizobaki ni zile watu walizihangaikia, wakazibeba kwenye kaseti, wakazihamishia kwenye sidii, sasa ziko kwenye simu. Unalinganisha mchele uliopetwa miaka 50 na mchele uliotoka kinuni asubuhi hii, lazima huu wa leo uone una pumba.

Tatu, na hii ndo inamhusu mjomba zaidi, watafiti wa kumbukumbu wamekuta kwamba nyimbo zinazomganda mtu ni zile za ujana wake, kuanzia kama miaka 10 hivi mpaka kwenye 20 na kitu, na kilele ni ile miaka ya ujana mbichi, kile kipindi cha kwanza kupenda, kwanza kuachwa, kwanza kutoroka usiku kwenda disko. Mjomba hatetei bendi ya Sikinde, anatetea kiuno chake cha mwaka 1982. Na yule dogo anayevunja miguu kwenye singeli leo Manzese atakuja kuwa mzee mkali anayewaambia wajukuu muziki uliisha na singeli ya Mburahati.

Ila swali ambalo lilikuwa linanisumbua ni hili, mimi mwenyewe nimezaliwa Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro, kashafariki. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, ana miaka 34 tu. Sasa kwa nini nikisikia gitaa la wimbo wake wa Shida nabanwa na kitu hapa kifuani? Kumbe nalo lina maelezo, mwaka 2013 kuna utafiti wa Marekani ulikuta vijana wa chuo wana kilele kingine cha kumbukumbu kwenye nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana, yaani nyimbo zinarithiwa jikoni na sebuleni bila mtu kupanga. Kwangu ilikuwa uani. Jumamosi mama anafua, redio iko juu ya ndoo iliyopinduliwa, mfuniko wa betri ulishapotea tumefunga na mpira, betri zenyewe tunazianika juani zipate nguvu kidogo, na kipindi cha zilipendwa kikifika mama anaacha kusugua, mikono ina povu, anasikiliza tu. Hakuwahi kusema anawaza nini. Mimi nilikuwa naogopa kuuliza, na mpaka leo ule wimbo una harufu ya sabuni ya mche.

DHANA: Kuna orodha ya nyimbo bora ambayo kila mtu akiisikia ataguswa

Montreal, Kanada, mwaka 2001 kulikuwa na utafiti wa watu kusisimkwa mwili na muziki huku ubongo unapimwa. Watafiti hawakuchagua nyimbo wenyewe, walimwambia kila mtu alete wa kwake unaomsisimua, na kwa kulinganisha wakampigia huo huo wimbo mtu mwingine. Wimbo uliomsimamisha huyu vinyweleo kwa mwenzie ulikuwa wimbo tu. Baadae 2011 hukohuko wakaonyesha kwamba kwenye ule msisimko ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali inayohusika na raha, na kuna sehemu ya ubongo inayoanza kuimwaga hata kabla ile sehemu tamu haijafika, sababu unaijua inakuja unaisubiri. Ndo maana wimbo unaoupenda haukuchoshi upesi, unakuwa kama unamngoja mtu stendi na unajua basi lake.

Kwahiyo mimi nikikwambia "lazima usikie" huu au ule, nisikudanganye, ninachokupa ni mlango tu. Na usimcheke asiyeingia. Kuna watu, hii watafiti wa Barcelona waliipima 2014, ni wazima kabisa, wananusa, wanakula vizuri, hela ukiwapa wanafurahi, lakini muziki hauwapi raha yoyote. Wanausikia vizuri tu. Nina rafiki wa hivyo, kwa miaka mingi tulikuwa tunamwita roho ngumu, namwomba radhi.

DHANA: Ukiwa na huzuni usisikilize nyimbo za huzuni, utazama zaidi

Wengine ndo wanavyozama kweli, hasa wale wa kurudia wimbo mmoja mara arobaini baada ya kuachwa. Lakini wengi wanasema zinawatuliza, zinawapa mwenzao wa kukaa nae. Waswahili hili tulishalijua zamani, msibani hatupigi nyimbo za kuchangamka ili mfiwa apone haraka.

Na ile ya kumwekea mtoto Mozart tumboni awe na akili, hiyo ilianzia kwenye utafiti mdogo wa 1993 uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo, sio watoto wachanga, faida yenyewe ilidumu kama robo saa. Mwimbie mtoto chochote unachokijua, anataka sauti yako.

Sasa shangazi. Harusi imeisha, tumekaa nje tunahesabu vyombo vya kukodi, nikamuuliza tena, hivi shangazi ulikuwa unayajua maneno ya Malaika au uliupenda tu? Akanishangaa. Akasema wimbo huo marehemu mumewe alikuwa anauimba anapita nyuma ya nyumba kwao, hana kitu, shati moja, kaka zake shangazi wanamzomea. Akaja akaoa kwa kukopa, mahari akawa anapunguza kidogo kidogo kila akivuna, nikauliza alimaliza lini, akasema, "Kaka yenu mkubwa alikuwa darasa la tatu." Halafu akanipa sinia la vijiko akaniambia nihesabu vizuri, vimepungua viwili.