Gluteni na Sukari ya Damu: Lawama Zinazomwangukia Asiyehusika

Mtu amekula mkate asubuhi. Haijafika mchana mikono inatetemeka, jasho jembamba linamtoka na kichwa ni chepesi. Siku nyingine tatizo ni tumbo, limejaa gesi mpaka mkanda unabana. Akimsimulia mwenzake, jibu liko tayari: "Hiyo ni gluteni, achana na ngano." Anaacha, anapata nafuu, na kesi inafungwa hapo.

Shida ni kwamba kwenye kile kipande cha mkate gluteni haikuwa peke yake. Sehemu kubwa ya mkate ni wanga. Halafu kuna fruktani, aina ya nyuzinyuzi ambazo utumbo mdogo hauwezi kuzimeng'enya. Ndipo inakuja gluteni, ambayo ni protini. Anayeacha ngano ameviacha vyote vitatu kwa mpigo mmoja, kwa hiyo nafuu aliyoipata haimwambii ni kipi kilichokuwa kinamsumbua. Dhana nyingi potofu kuhusu gluteni na sukari zimezaliwa hapo.

"Gluteni inapandisha sukari"

Kinachopandisha sukari ni wanga. Vimeng'enya vya mate na vya kongosho huukatakata kuwa glukosi, nayo glukosi hupenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Gluteni ni kundi la protini, hasa gliadini na glutenini za ngano, na ndugu zake waliomo kwenye nafaka za shayiri na rai. Njia yake mwilini ni nyingine.

Linganisha mkate mweupe na tambi. Fahirisi ya glaisemia, yaani kipimo cha kasi ambayo chakula kinapandisha sukari, huipa glukosi tupu alama 100. Mkate mweupe hupata takriban 75. Tambi, ambazo nazo ni ngano na zina gluteni ya kutosha, hukaa karibu na 50. Kama mkosaji angekuwa gluteni, tambi zisingeachwa mbali hivyo. Kwenye tambi gluteni hufuma wavu unaozifunika chembe za wanga, na vimeng'enya huchelewa kuzifikia.

David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, waliokuja na fahirisi hiyo mwaka 1981, walilichunguza jambo hili moja kwa moja. Mwaka 1987 walichapisha matokeo ya mkate uliotengenezwa kwa unga wa ngano uliotolewa gluteni. Wanga wake ulimeng'enywa haraka zaidi, na sukari za walioula zilipanda zaidi kuliko za waliokula mkate wa kawaida. Maana yake ni kwamba ndani ya ngano gluteni inachelewesha sukari. Anayeikimbia kwa sababu ya sukari amemkimbia mlinzi akamwacha mwizi ndani.

"Kisicho na gluteni kinamfaa mwenye kisukari"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inamtoa mtu fedha nyingi na kumrudisha nyuma. Geuza pakiti ya mkate usio na gluteni usome viambato: unga wa mchele, wanga wa mahindi, wanga wa viazi, wanga wa muhogo. Hizo ni wanga zilizochujwa, na protini na nyuzinyuzi zimebaki kidogo sana. Kwa kuwa gluteni iliyokuwa inaushikamanisha mkate haipo, huongezwa gundi za chakula, mafuta, na mara nyingine sukari ili uteremke vizuri kooni. Mkate wa namna hiyo unaweza kupandisha sukari sawa na mkate mweupe au kuupita.

Maneno "hakina gluteni" kwenye pakiti yana maana moja tu. Kwa kanuni za kimataifa za Codex Alimentarius, chakula hicho hakina zaidi ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kuhusu sukari hayasemi lolote. Mwenye kisukari aangalie mstari wa jumla ya wanga na mstari wa nyuzinyuzi. Biskuti isiyo na gluteni bado ni biskuti. Maharage, dengu, mayai, samaki, mboga za majani na karanga havijawahi kuwa na gluteni na havihitaji nembo yoyote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza mwaka 2017 matokeo ya kufuatilia karibu watu 200,000 wa Marekani kwa miaka mingi: waliokula gluteni kidogo zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa kidogo wa kupata kisukari aina ya pili. Sitaki kuutumia utafiti huo kuipamba gluteni. Waliokula gluteni kidogo walikula pia nyuzinyuzi kidogo za nafaka, na huenda maelezo yote yako hapo. Lakini hautoi nafasi kwa anayedai kwamba kuacha gluteni kunakinga kisukari.

"Nikila ngano natetemeka, basi gluteni hainipatani"

Hapa saa ya ukutani ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mzio wa ngano huja mapema, ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula. Vipele vinavyowasha, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Pumzi ikikata, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali papo hapo. Wapo ambao mzio wao huamka tu wakifanya mazoezi baada ya kula ngano, na hao huchanganyikiwa sana, kwa sababu jana walikula mkate ule ule wakakaa salama.

Kutetemeka kwa sababu ya sukari kushuka huchukua muda mrefu zaidi, kwa kawaida saa mbili hadi nne baada ya mlo. Wanga mwingi wa haraka umeingia, sukari imepanda ghafla, kongosho limemwaga insulini nyingi, na sukari imeshuka kupita ilikoanzia. Adrenalini inatoka kuirudisha juu, na ndiyo inayoleta jasho, moyo kwenda mbio na njaa ya ghafla. Katika mtiririko wote huo gluteni haina kazi.

Madaktari hawakubali neno "sukari imeshuka" kwa kusikia dalili tu. Wanadai mambo matatu, yanayojulikana kwa jina la daktari wa upasuaji Allen Whipple: dalili ziwepo, kipimo cha damu kilichochukuliwa wakati huo huo kionyeshe sukari iko chini, na dalili ziondoke sukari ikipanda. Kwa mtu asiye na kisukari, kipimo kilicho chini ya 3.0 mmol/L, karibu 55 mg/dL, ndicho kinachowafanya wachunguze zaidi. Wengi wakijipima katikati ya kutetemeka hukuta 4.8 au 5.2, ambayo ni sukari ya kawaida kabisa. Basi watafute kwingine: usingizi mchache, kahawa nyingi tumboni tupu, wasiwasi, tezi ya shingo.

Kuna njia rahisi ya kumtenga mshukiwa, kwa yule ambaye hajawahi kupata dalili za mzio. Siku moja kula vipande viwili vya mkate mweupe na chai yenye sukari, uandike saa na unachokisikia. Siku nyingine kula vipande viwili vya mkate huo huo, lakini na mayai mawili na chai isiyo na sukari. Gluteni ni ile ile. Kutetemeka kusipotokea mara ya pili, gluteni imeshajitetea yenyewe. Siku ya tatu jaribu wali mweupe na chai ya sukari, mlo usio na gluteni hata chembe. Mikono ikitetemeka tena, umemjua mhusika. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asijaribu haya bila kuongea na daktari wake. Kwake sukari iliyo chini ya 3.9 mmol/L ni ya kutibiwa wakati huo huo.

"Tumbo likijaa gesi ni gluteni"

Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norway, walichapisha jaribio la watu 59 ambao walikuwa wamejiondoa wenyewe kwenye gluteni, bila kuwa na siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni. Walipewa vitafunwa vya aina tatu, wiki moja kila aina, bila kujua wanakula kipi: chenye gluteni, chenye fruktani, na kisicho na chochote kati ya hivyo. Fruktani ndiyo iliyowasumbua zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kitupu. Miaka mitano kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikuwa wamefika karibu na hapo hapo.

Gesi hiyo si ya kufikirika. Fruktani hufika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria huzichachusha, na gesi hutoka. Ila fruktani zimejaa pia kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, na ndiyo maana kuna watu wameacha mkate mwaka mzima na bado wanalalamika kila wakila mchuzi. Mkate uliochachushwa muda mrefu kwa chachu ya asili huwa na fruktani pungufu, na baadhi yao huuvumilia. Kwa mwenye siliaki mkate huo wa ngano ni sumu vilevile.

"Siliaki ni kuharisha na kukonda"

Siliaki si mzio, wala si tumbo kukataa chakula. Kinga ya mwili ikikutana na gluteni hugeuka na kuushambulia utumbo mdogo wenyewe. Ukuta wa utumbo wenye afya, ukitazamwa kwa hadubini, una vinyweleo vingi vilivyosimama wima, na hapo ndipo chakula hufyonzwa. Kwa mgonjwa vinyweleo hivyo hupungua urefu, na ugonjwa ukikomaa ukuta hubaki bapa. Takriban mtu mmoja kwa kila 100 duniani ana ugonjwa huu. Karibu wote hubeba jeni za kinga ya mwili ziitwazo HLA-DQ2 au HLA-DQ8, ingawa watu wengi sana wanazibeba na hawaugui kamwe.

Kwamba mkosaji ni nafaka kulithibitika kwa njia ya uchungu. Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa tayari anaishuku ngano. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika, watoto wake wa siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Aliyaandika kwenye tasnifu yake ya mwaka 1950.

Wapo wagonjwa wanaoharisha na kukonda. Wapo pia wenye unene, au wanaofunga choo, au wasio na shida yoyote ya tumbo. Ugonjwa unajitokeza kama upungufu wa damu usiosikia vidonge vya madini ya chuma, mifupa inayovunjika kirahisi, uchovu usioisha, au malengelenge madogo yanayowasha kwenye viwiko, magoti na makalio.

"Nitaacha kwanza, nikipona nitaenda kupima"

Kinyume chake. Kipimo cha kwanza hutafuta kwenye damu kingamwili ziitwazo tTG-IgA, pamoja na jumla ya IgA, aina mojawapo ya kingamwili, kwa sababu mwenye upungufu wa IgA huweza kupata jibu la uongo kwamba hana ugonjwa. Kingamwili hizo hupungua gluteni ikiondoka, na utumbo huanza kupona. Aliyeacha miezi sita kisha akapima anaweza kuambiwa hana kitu ilhali anacho, na kurudishwa kwenye mkate kwa wiki kadhaa ili apimwe upya. Si kila mtu anaiweza adhabu hiyo. Vile vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili, vinavyouzwa kwa ahadi ya kutaja vyakula usivyopatana navyo havithibitishi siliaki wala mzio. IgG ya chakula huonyesha tu kwamba umewahi kukila.

"Kati ya gluteni na kisukari hakuna uhusiano wowote"

Baada ya yote niliyoyasema, msomaji anaweza kufika hapa. Uhusiano upo, na unapita kwenye kinga ya mwili. Kisukari aina ya kwanza, ambapo kinga huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini, hushirikiana na siliaki katika jeni zile zile za HLA. Kwa wenye aina ya kwanza, karibu 6 kati ya 100 wana siliaki pia, wengi bila dalili, na ndiyo maana hupimwa hata kama tumbo limetulia. Aina ya pili haina undugu huo. Na kuacha gluteni hakujawahi kurudisha insulini ya aina ya kwanza.

Mtoto mwenye aina ya kwanza anadungwa insulini kulingana na wanga ulio kwenye sahani. Utumbo ulioharibika haufyonzi wanga wote huo. Insulini inafika, glukosi haifiki, na sukari inaanguka kwa namna ambayo wazazi hawaielewi, kwa sababu hesabu zao zilikuwa sahihi. Sukari inayoshuka mara kwa mara bila sababu ni dalili tosha ya kuomba kipimo cha siliaki. Hata kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, huweza kupotosha hapo: upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma huweza kukisukuma juu kuliko hali halisi.

Akianza kula bila gluteni, utumbo unapona na kufyonza vizuri zaidi, na mahitaji ya insulini huweza kupanda. Sukari iliyokuwa inaanguka sasa inapaa kwa dozi ile ile. Familia nyingine huona mlo mpya umeharibu mambo, kumbe ni utumbo umerudi kazini, na kinachotakiwa ni kupima mara nyingi zaidi katika miezi hiyo ya mwanzo ili daktari apange dozi upya.