Wamoravian walifika kwa Wabudha kabla ya kufika Rungwe

Vijana wetu wanaotamani kwenda umisheni kwa Wabudha huwa na picha moja kichwani: mkutano wa injili kama wa hapa Mbeya, wenye jukwaa, spika, kwaya na watu wanaopita mbele kuombewa. Nafundisha historia ya umisheni, na kila mara nawarudisha kwenye historia ya kanisa lao wenyewe.

Mwaka 1853 Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, waliwatuma Wilhelm Heyde na Eduard Pagell Mongolia. Walinyimwa njia, wakabaki Himalaya, na mwaka 1856 wakafungua kituo Kyelang, katika Lahaul, kaskazini mwa India. Ubatizo wa kwanza ulikuja 1865. Kituo cha Leh, katika Ladakh, huko huko kaskazini mwa India, kilifunguliwa 1885. Rungwe, kituo chao cha kwanza hapa Nyanda za Juu Kusini, ni 1891.

Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na Ladakh kuna kusanyiko dogo tu. Wapo wanaosema watu wa kule walikuwa na mioyo migumu. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mahubiri yetu huanza na Mungu Muumba aliyekosewa na binadamu. Mbudha haanzii hapo. Dini yake haifundishi kwamba kuna Muumba. Inauliza mateso yanatoka wapi na yatakoma vipi, na inafundisha kwamba matendo ya mtu ndiyo yanayopanga maisha atakayozaliwa tena. Anayempa mtawa chakula anajipatia thawabu. Sasa fikiria daktari wa misheni anayetibu watu bure. Mgonjwa anaweza kushukuru kwa moyo wote, huku akiamini kwamba daktari anajiwekea akiba yake mwenyewe. Neema, yaani zawadi isiyolipiwa na yeyote kwa matendo, haionekani kwa macho katika tendo hilo. Inabidi ifafanuliwe polepole, kwa lugha ya mama ya msikilizaji.

Halafu kuna msiba, ambao wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wataelewa upesi. Ladakh kila kaya ya Kibudha imo katika kundi la kaya kadhaa linaloitwa phaspun. Kundi hilo lina mungu mmoja wa nyumbani, na mtu akifa, ndilo linaloandaa maiti na kuichoma. Anayebatizwa anajitoa kwenye ibada ya mungu yule, kwa hiyo anahatarisha nafasi yake kwa watu ambao wangemsitiri. Ni kama kufutwa kwenye daftari la kuzikana la mtaa wako, wewe na watoto wako.

Wamisheni wale walikaa. Heyde aliondoka India 1903, baada ya miaka 50. Mkewe Maria alifundisha wanawake kufuma soksi za sufu, na hadi leo soksi za Lahaul zinasifika. Mmisheni mwenzao Heinrich Jäschke alitafsiri sehemu kubwa ya Agano Jipya kwa Kitibeti, likatoka 1885, yeye akiwa ameshafariki. Biblia nzima ilichapishwa 1948, kazi iliyokamilishwa na mwenyeji wa Ladakh, Yoseb Gergan.

Kwa hiyo nikiombwa kumpendekeza kijana, naangalia kama yuko tayari kukaa miaka akijifunza lugha bila kushika maiki. Kisha naliuliza kanisa linalomtuma limepanga nini kwa familia ya kwanza itakayobatizwa, siku itakapofiwa. Bajeti ninazoonyeshwa mara nyingi zina nauli, viza na vyombo vya muziki.