Je, wajua kwa nini abiria wa treni humwaga siri zao kwa mtu wasiyemjua?

Mmekaa jirani, hata jina hamjaulizana, na kabla safari haijafika nusu mwenzako ameshakusimulia ndoa yake ilivyovunjika. Huenda ndugu zake wenyewe hawayajui hayo. Kwa nini akuambie wewe?

Kwanza, kwa sababu utashuka. Mwanasosholojia wa Ujerumani, Georg Simmel, aliandika jambo la karibu na hilo mwaka 1908: mgeni ndiye mara nyingi anayepokea maungamo ambayo watu huwaficha walio karibu nao. Rafiki akishajua siri yako, kesho mtaonana tena, na watu anaowafahamu ndio hao hao unaowafahamu wewe. Abiria mwenzako hana wa kumpelekea habari hizo. Hata akikulaumu moyoni, anashuka na lawama zake.

Siri nazo huitana. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Zick Rubin aliwafanyia utafiti wasafiri waliokuwa wakisubiri ndege mjini Boston. Mtafiti alipoandika jambo la ndani kuhusu maisha yake, wasafiri nao waliandika ya kwao ya ndani. Alipoandika la juujuu, wakajibu juujuu. Treni, kwa maoni yangu, inazidi hata uwanja wa ndege. Muda upo, hakuna kati yenu anayeshika usukani, na mnapokaa bega kwa bega si lazima mtazamane usoni. Neno zito likikwama, macho yanakimbilia dirishani mpaka lipatikane.

Mbona basi mabehewa mengi yako kimya? Swali hili lilichunguzwa na watafiti wa tabia za watu, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Waliwagawa abiria wa treni za Chicago: baadhi wazungumze na jirani, wengine wakae peke yao, wengine wasafiri kama kawaida yao. Abiria walioulizwa kukisia tu walidhani kuzungumza kungeharibu safari. Ikawa kinyume: waliozungumza ndio waliofurahia zaidi, na hilo halikutegemea kama mtu ni mchangamfu au mkimya kwa tabia. Baadaye utafiti wa namna hiyo ulirudiwa London, matokeo yakafanana.

Kilichonigusa zaidi ni chanzo cha ule ukimya. Abiria walikisia kwamba zaidi ya nusu ya wenzao wasingetaka kuzungumza nao. Kila mmoja anatamani kuongea lakini anaamini jirani hataki, naye jirani anamfikiria hivyo hivyo, basi wote wawili wanainamia simu zao hadi kituo cha mwisho. Yupo kweli anayehitaji usingizi au utulivu, na jibu lake fupi linatosha kukueleza. Huyo mwache apumzike. Lakini kati ya wale abiria wa Chicago waliojaribu kuanzisha mazungumzo, hakuna aliyesema alikataliwa.