Mbegu ya mahindi matamu iliyonywea si feki

Kila mvua za Desemba zikikaribia, malalamiko kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, mkoani Mtwara, huwa yale yale: punje nyepesi, zimekunjamana, kwa hiyo duka limeuza feki. Hapana. Mahindi matamu hayajazi wanga kama ya ugali, ndiyo maana yakikauka hunywea. Yenye sukari nyingi zaidi ndiyo hunywea kupita yote.

Yapo makundi mawili makubwa. Matamu ya kawaida huota kwa nguvu kiasi, hata kwenye kichanga cha Uwanda wa Makonde kinachokauka upesi. Kasoro yake ni sokoni: kwa joto letu, hindi lililovunwa leo kesho linaweza kuwa limepoteza karibu nusu ya sukari, imegeuka wanga. Matamu sana yana sukari mara mbili au zaidi na huvumilia safari, ila chipukizi wake ni dhaifu. Panda kina cha sentimita 2 hadi 3, udongo ukiwa umelowa. Ukiyafukia kwa jembe kama mahindi mengine, usiilaumu mbegu.

Kichanga hakishiki mbolea, hivyo gawa urea mara mbili au tatu. Shamba la chini ya mikorosho iliyopulizwa dawa ya salfa miaka mingi huwa na tindikali. Pima udongo kwanza.

Chavua ya mahindi ya ugali ya jirani ikiangukia ndevu za mahindi yako, punje zinakuwa za wanga msimu huo huo. Acha mita 250 au pishanisha kuchanua kwa wiki mbili, tatu. Makundi haya mawili nayo yasipandwe pamoja. Kwa kuwa huku kila mtu hupanda mvua ya kwanza, wenye maji bonde la Ruvuma au Lukuledi wana nafasi nzuri ya kupishana na majirani wakipanda kiangazi.

Kuhusu malalamiko: chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, kuuza mbegu isiyothibitishwa ni kosa, na mkosaji anaweza kushtakiwa. Lakini mkaguzi hafanyii kazi punje zilizofungwa kwenye kitambaa. Tunza pakiti, lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na stakabadhi. Andika tarehe ya kupanda. Ikiwezekana bakiza pakiti isiyofunguliwa yenye namba ile ile ya toleo la mbegu, kwani sampuli hutoka humo. Kisha mwone afisa kilimo wa kata kabla ya kung'oa shamba. Punje za chotara (mbegu ya aina mbili zilizochanganywa) ulizojiwekea mwenyewe msimu uliopita hazimo katika utaratibu huu.