Gesi ya mtungi ikivuja haipandi juu

Wengi huamini gesi ikivuja hupaa, hivyo hufungua dirisha la juu na kuweka kitambuzi, kifaa cha kutoa tahadhari gesi ikivuja, karibu na dari. Kwa gesi asilia ya bomba, iliyofika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara, ni kweli: sehemu yake kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa. Ya mtungini ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ikatuama chini ya kabati. Karavani za Uingereza, vijumba vya kuvutwa na gari, huwekwa matundu sakafuni kwa sababu hiyo.

Kuhakiki ni rahisi. Paka povu la sabuni kwenye regileta na maungio ya mpira: mapovu yakivimba, panavuja. Kiberiti, hapana kabisa. Kitambuzi nacho, soma maelezo yake: cha gesi ya mtungi hufungwa chini.